Kibali cha Gati la Wendell

Kwenye basi la wazee kuelekea ziwani, Loretta alikaa nyuma ya Wendell, aliyekuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti.

"Waya za umeme za gati langu pale ziwani nilifunga mwenyewe. Ofisi ya halmashauri wakaninyima kibali cha kulitumia mpaka nilete fundi mwenye leseni. Dharau hiyo, bwana."

"Fundi akakuta nini?"

"Umeme unavuja hadi kwenye ngazi ya majini. Miaka yote nikiishika vidole vinanichoma, nikidhani ni baridi yabisi."

Loretta akaacha kufuma.

"Nani huogelea hapo?"

"Wajukuu. Wanafika kesho. Fundi keshatengeneza, ofisi wamekagua na kibali wamenipa." Wendell akashusha pumzi; Loretta, asiyewajua wajukuu hao, akashusha pia. "Ila sheria yenyewe upuuzi mtupu."

Basi likasimama. Wendell akashuka akiitukana sheria, kibali amekitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na kifungo amekifunga.