Jino la Mpiga Tarumbeta

Ikifika saa tisa na nusu alasiri, benchi langu la kushonea viatu huwa haliko duniani sana. Jua limelegea, kahawa imetulia vikombeni, watu wanaongea nusu usingizini, nami napitisha sindano kwenye soli nikiwasikia kama wako chumba cha pili. Wakaaji ni walewale. Breki aliendesha malori miaka thelathini, sasa anauza kahawa. Wakili hakusomea sheria, alifagia mahakama. Na Tarumbeta, mzee wetu, kila saa kumi husimama, hutazama dirisha la ghorofani ng'ambo ya barabara, akampigia mkewe wimbo mmoja. Bibi yule amesahau majina yetu yote, hata la mumewe. Wimbo hajausahau. Siku hiyo tarumbeta lilikuwa bado ndani ya mkoba wake, na mzee kashika mdomo.

Breki: Linauma?

Tarumbeta: Hili la mbele. Leo ulimi umekuta shimo, huku shinani, karibu na ufizi. Likikatika, tarumbeta nitaliegemeza wapi? Mchana nilisinzia, nikaota nampigia wimbo, sauti haitoki. Ananiangalia tu kama mpita njia.

Ndoto ile ilituuma sote.

Breki: Mimi najua. Ni vile vidonge vyake vya presha. Presha ikishushwa, inashuka mwili mzima. Tairi likiishiwa upepo litasimama? Jino hivyohivyo.

Wakili: Pingamizi! Ni upepo wa tarumbeta. Miaka hamsini anapuliza, ufizi wote umepeperuka, mzizi umebaki nje.

Mimi: Upepo si unaenda mbele, Wakili?

Wakili: Unaenda mbele, halafu unarudi kukata rufaa.

Breki: Ngoja. Mzee, mdomo si unakukauka?

Tarumbeta: Mkavu kama hizo ngozi za fundi. Tangu nianze vidonge.

Breki: Basi! Mzizi umetoka kutafuta maji. Iko siku utamkuta jino kashuka mwenyewe, anapanga foleni bombani.

Wakili: Wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hakuna aliyeuliza kinachoelea ni nini. Breki akamtilia mzee peremende kiganjani, kama kawaida, alainishe mdomo. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake methali kukaa mahali pake, ila hakujua.

Hapo akaja dada mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja, kiatu mkononi, ukanda umekatika. Akakaa kusubiri, akatusikiliza kidogo, kisha akasema yeye anatibu meno, kliniki ya nyuma ya soko.

Dada: Shikamoo mzee wangu. Hebu nifungulie mdomo.

Akachungulia kwa tochi ya simu. Hata Wakili alisogea kuchungulia.

Dada: Ufizi umerudi nyuma, mzizi umebaki wazi. Mzizi hauna lile ganda gumu la juu, ndiyo maana unaoza haraka. Hili ni la kuziba, halijafika kung'olewa. Haya mawili ya jirani ndiyo kwanza yanalainika, yanapakwa dawa ya floridi, yanakaza. Vidonge usiache, ila mwambie daktari wako mdomo unakauka. Kunywa maji mara kwa mara. Na mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floridi.

Tarumbeta: Nitapiga tena, mwanangu?

Dada: Tukiliwahi leo, utapiga. Ila huko shavuni una nini?

Tarumbeta: Peremende. Ya kulainisha mdomo.

Dada: Mzizi wazi, mdomo mkavu, na sukari kutwa nzima? Nani anampa?

Breki akafungua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu limezama humo. Wakili, asiyekosa hoja, akaanza kuhesabu vikombe. Mimi nikainamia kiatu. Kwenye kopo langu la misumari kulikuwa na pakiti nzima ya peremende, nimeinunua asubuhi kwa ajili yake. Nampenda mzee yule, na kumbe kwa mapenzi hayohayo nilikuwa namwozesha meno.

Nikashona ukanda haraka kuliko nilivyowahi kushona kitu. Dada akavaa kiatu, akamshika mzee mkono, wakaondoka kuelekea sokoni. Tarumbeta akatuachia tarumbeta lake benchini.

Saa kumi, dirisha la ghorofani likafunguka.

Bibi: Leo hakuna?

Wakili akatazama tarumbeta, akaogopa kuligusa, akaanza kupiga mluzi. Breki akadakia. Mimi nikafuatisha kwa kuguna, misumari imenijaa mdomoni. Tuliukosea ule wimbo kila mahali pa kukosea. Bibi akasikiliza, kichwa upande, macho kafumba.

Bibi: Huyo siye.

Tukakoma, aibu imetushika.

Bibi: Endeleeni tu. Mpaka arudi.