Shangazi Kwenye Kiti cha Mteja

Tarehe 30 mwezi huu, Shangazi wa dirisha namba mbili anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwakatia watu tiketi katika ofisi yetu ya safari. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi. Sisi hatujawahi kulihitaji.

Wakatisha tiketi wengine humuuliza mteja anakwenda wapi. Shangazi alianza na swali lake: "Nyumbani umekosa nini?" Wapo walionuna, wapo waliolia, na karibu wote walinunua. Kwa maelezo yake, watu hawafungi mizigo kwa sababu ya fukwe wala milima. Mmoja anatafuta usingizi, mwingine anatafuta kuonekana, na yupo anayetaka tu watu wa nyumbani kwake wamkumbuke, hata kwa wiki moja.

Hatutamsahau fundi bomba aliyetaka kwenda mbali kadiri ndege zinavyofika. Alipohojiwa, ikabainika shida yake ni shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Shangazi akamkatia tiketi shemeji. Fundi alibaki kwake, na mpaka leo anaapa hajawahi kupata likizo tamu kama ile. Naye meneja wetu, aliyeomba safari ya kutuliza akili, alipelekwa mji wanakoishi wenzake wa shule, na akaagizwa avae suti mpya. Alirudi ametulia kweli.

Jambo moja lilitukera. Kila mwaka ofisi humpa mfanyakazi tiketi ya bure, na kila mwaka ya Shangazi iliisha muda wake ikiwa mezani. Tukamzushia kwamba anaogopa ndege. Wiki iliyopita tulimkalisha kwa nguvu kwenye kiti cha mteja, tukambana kwa swali lake mwenyewe. Alicheka, akafuta miwani, akasema tangu mume wake afariki amekosa mtu wa kumpokea akirudi, na safari isiyo na wa kukupokea ni ya nini?

Meneja aliinuka akaenda kukata tiketi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Basi Shangazi, tiketi yako hii hapa, ya kwenda na kurudi. Ahsante kwa kutujua hata tulipojificha, na maisha mema yakufuate kila utakakokanyaga. Kaa huko upendavyo, ila tuambie siku ya kurudi. Utatukuta ofisi nzima kwenye mlango wa wanaowasili, meneja ameshika bango lenye jina lako. Tumeshalitafuta kwenye faili.