Padri Aliyenyoa Siku ya Saba

Ubao wa Mahabibo haukuwa na sura ya kutisha: ubao mmoja mnene juu ya mapipa mawili ya lami, mgongo wake ukuta wa duka ambalo mwenyewe, Mfaransa, alilifunga na kupanda meli mwaka bendera mpya ilipopandishwa. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri, mtaa huo wa Mahajanga ulihukumiwa hapo, na hukumu ilitoka kabla ya ushahidi. Wasiokosa kufika walikuwa watatu. Tadjiddine, mtunza daftari la chama cha mazishi, aliitwa Kadhi ingawa hakuna aliyewahi kumpa ukadhi. Allaoui aliitwa Komandani ingawa jeshini alikuwa mpishi. Saindou, mpaka rangi, aliitwa Chokaa, na yeye peke yake jina lilimkaa. Walizungumza Kimalagasi kilichochovywa katika Kingazija, Kiswahili wakikitoa kwa dua, kwa mizani na kwa mambo ya bahari. Humu maneno yao yamebadilishwa nguo tu, mwili ni wao. Aliyewamiminia kahawa ni Hadjira, mama wa miaka ishirini na sita, mume wake Youssouf yuko kisiwani Nosy Be kwenye kiwanda cha sukari. Siku hiyo, mwaka wa tatu wa uhuru, Hadjira alikuwa na jambo moja kifuani: binti yake Zalia, miaka saba, apate nafasi katika shule ya masista. Masista walianza na watoto wa Kikatoliki. Kwa hiyo Hadjira alikuwa amewaambia kwamba Zalia ni Mkatoliki. Zimebaki siku tatu orodha ibandikwe.

— Leo nimesikia jambo nikiwa juu ya ngazi, alianza Chokaa, akipuliza kahawa yake. Napaka ukuta wa ofisi kule kwa masista. Dirisha li wazi. Sista mkuu anamwambia katekista wake: kuna mama wa Mahabibo alikuja juzi kuandikisha binti. Kaulizwa, mtoto kabatizwa wapi? Kasema, Nosy Be. Kaulizwa, padri alifanyaje siku hiyo? Mnajua kajibu nini?

— Sema basi, alisema Komandani, unatudondoshea kama dawa ya macho.

— Kajibu: alimnyoa nywele, siku ya saba.

Komandani alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Hadjira hakucheka. Aliinamia dele lake la kahawa akajifanya anachochea makaa. Yeye aliliona jibu lile kuwa zuri. Alikuwa amejifunza kila kitu, jina la kanisa, jina la Maria, mkono upi wa kuanzia kugusa paji la uso. Swali la padri alifanyaje halikumjia akilini, na alipoulizwa, mdomo ulitoa ulichokijua: mtoto akifika siku ya saba hunyolewa, hupewa jina, mbuzi huchinjwa. Alikotoka yeye, mtu huingia dini kwa wembe. Nani alimwambia kwamba wengine huingia kwa maji?

— Padri kinyozi, alisema Komandani. Nimewaona wenye ndevu na wasio na ndevu. Mwenye wembe bado.

— Usicheke, alisema Kadhi. Siku ya saba wanaonyoa ni nani? Ni sisi. Basi huyo mama ni wetu. Mtu wa hapa, anayenunua kitoweo na sisi, ameiuza dini kwa dawati.

— Na kwa nini Nosy Be? aliuliza Chokaa. Uongo hupenda bahari katikati. Angetaja Belobaka, mtu angepanda baiskeli akaulize, akarudi kabla ya magharibi.

— Huyu hakufikiri peke yake, alisema Kadhi, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayefunga dirisha. Mama ni ndoana. Mvuvi yuko nyuma.

— Mvuvi gani? aliuliza Komandani.

— Hesabu. Serikali mpya inapenda kuhesabu watu. Mtoto mmoja akiandikwa Mkatoliki, nyumba nzima imeandikwa. Nyumba kumi, mtaa umeandikwa. Halafu siku moja anakuja bwana na karatasi, anasema, Mahabibo kuna Waislamu wanne tu, msikiti wa nini? Tujenge posta.

Chokaa alitazama huku na huku.

— Wanne? Hapa tuko watatu. Wa nne ni nani?

— Ni mimi, alisema Hadjira, kama mwanamke naye huhesabiwa.

— Posta ni mchezo wa watoto, alisema Komandani, ambaye hakupenda njama ya mtu mwingine iwe kubwa kuliko yake. Wasichana wale wanapelekwa Ufaransa. Masista kule wanaisha. Hawaolewi, hawazai, sasa wapya wanatoka wapi? Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

— Methali hiyo ni ya mgonjwa anayeficha ugonjwa wake, Komandani, alisema Kadhi.

— Na wao si wamejificha? Wamefunikwa mpaka ukucha.

— Mnasahau ule mkate wao wa kanisani, alisema Chokaa. Ule mweupe, mwembamba kama gamba la samaki. Mtoto akiulamba mara tatu, Fatiha inamtoka kichwani, aya moja moja, kuanzia nyuma. Mimi nimekaa kule siku nne tu. Jana nilipotaka kusema amina, ulimi ukawa mzito.

— Umelamba brashi, alisema Hadjira.

Walicheka, naye akawamiminia tena. Angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, angeuza kahawa yake, angengoja siku tatu zipite. Lakini Hadjira alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utoto: hoja mbovu ikipita mbele yake, huikamata mguu.

— Huyo mama, alisema, kuna aliyeuliza kama alianza shule ya serikali?

— Unamtetea mtu usiyemjua, Ma-Zalia? aliuliza Kadhi.

— Namtetea kwa sababu simjui. Nikimjua nitamhukumu kama ninyi.

— Shule ya serikali imejaa, alikubali Chokaa. Darasa moja watoto themanini. Wengine wanaandikia magotini.

— Basi angengoja mwaka mwingine, alisema Kadhi. Subira huvuta heri.

— Na kama alishangoja miwili? Heri haijavutwa, mtoto ndiye anayevutwa. Leo ana saba. Mwambie asubiri, asubiri, na akifika kumi na nne mtakuja ninyi wenyewe na posa, mseme, aa, huyu hajui kusoma lakini anapika vizuri.

Komandani alikohoa. Alikuwa amempelekea posa msichana wa namna hiyo mwaka jana, akakataliwa.

— Na kijana wako, Kadhi, aliendelea Hadjira, ile shule ya mjini si ya watoto wanaoishi mjini? Aliingiaje?

— Niliandika nyumba ya shemeji yangu.

— Unaishi kwa shemeji yako?

— Uongo wa nyumba si uongo wa dini, bweni.

Bweni kwa Kingazija ni neno la heshima kwa mwanamke, na Kadhi hulitumia akikasirika.

— Nyumba ina mlango wa mbele na wa nyuma, alisema. Dini mlango wake mmoja. Huyo mwanamke lazima ajulikane, na ajulikane kabla ya Ijumaa. Chokaa, hukumwona hata kidogo?

— Nilimwona siku ile akitoka. Mgongo tu. Mimi niko juu, yeye yuko chini, uso ameupa njia. Lakini lambahoany yake niliiona.

Lambahoany ni leso ya Kimalagasi, na kila leso ina mwenyewe. Wanawake wa Mahabibo hutambuana kwa leso mbali, kabla ya uso.

— Rangi gani?

— Manjano. Majogoo wekundu pindoni.

Kadhi akakaa wima.

— Majogoo wekundu. Ya Sittou hiyo. Mwanawe alimletea kutoka Nosy Be. Mnaona? Nosy Be. Na mjukuu wake wa kike ana umri gani?

— Sita au saba, alisema Komandani polepole.

— Kufuli limepata ufunguo wake, alisema Kadhi.

Akalifungua daftari la chama juu ya goti, akachomoa penseli nyuma ya sikio. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini. Kufutwa humo maana yake moja: siku ukifa, hakuna wa kukuosha, hakuna wa kukushonea sanda, hakuna bega la kukubeba. Sittou alikuwa mjane wa miaka sitini na tano, na kikohozi chake cha kiangazi hicho kilisikika mpaka kisimani.

Hadjira aliitazama ncha ya penseli ikishuka kwenye ukurasa, ikitafuta jina. Leso ile aliiazima yeye. Ya kwake ilikuwa na tundu la moto, na kwa masista mtu haendi na tundu. Sittou alimpa bila kuuliza anakwenda wapi. Alimwambia tu asiikalie penye chumvi.

Siku tatu, Hadjira alijiambia. Siku tatu tu, halafu nitasema.

Ncha ikasimama. Kadhi amelipata jina.

— Funga daftari, alisema Hadjira.

— Bado sijafuta.

— Ndiyo maana nasema funga. Leso ni ya Sittou. Mgongo ni wangu.

Komandani aliweka kikombe chini taratibu, kama kina mtoto amelala ndani.

— Ma-Zalia, alisema Chokaa, mimi nimeona mgongo. Ningejua ni wewe nisingesema.

— Ungesema, Chokaa. Ungesema kwa sauti ndogo.

— Kwa hiyo tunakunywa kahawa ya nani hapa? aliuliza Komandani, akikikagua kikombe chake kwa ndani.

— Ile ile ya jana. Jana uliisifu.

Kadhi hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtisha Hadjira.

— Umeikana dini yako.

— Nimejaza mstari mmoja wa fomu. Fatiha yangu iko pale pale, aya saba, njoo uzihesabu. Nilikwenda shule ya serikali mara mbili, Kadhi. Mara ya pili nilikaa kwenye ngazi zao tangu alfajiri. Mwalimu mkuu aliniambia, mama, hata ningemning'iniza dirishani hapana nafasi. Masista wana nafasi, wana madawati, na wana mstari mmoja. Nikaujaza.

— Mtoto ni amana. Yule si wako peke yako, ni wa umma mzima.

— Umma huo ulikuwa wapi nilipokaa kwenye ngazi?

— Sibishani na wewe, umezoea kushinda. Kadhi alisimama, akajikung'uta, akaendelea: Nakwenda kuvaa kofia yangu, nitakwenda kwa masista sasa hivi. Sitakwenda kwa ubaya. Nitawaambia, kuna kosa, huyu ni mtoto wetu, turudishieni.

Hadjira alisimama pia. Mbele yake palikuwa na mzee wa miaka hamsini na nane mwenye miguu mizima, na kutoka pale mpaka kwa masista ni mwendo wa nusu saa. Hakuna hoja inayomshika mtu anayetembea.

Lakini Kadhi hakuhitaji kofia. Baiskeli ilisimama mbele ya ubao, na bwana mmoja wa nyanda za juu, mwembamba, suruali imebanwa kwa vibanio, akavua kofia yake ya ukili na kusalimu wote, mmoja mmoja.

— Ndiye yule katekista, alinong'ona Chokaa.

— Samahani wazee, samahani mama. Nimetumwa na sista mkuu. Natafuta majirani wanaomjua mtoto mmoja, Zalia, binti Youssouf.

— Umefika, alisema Kadhi. Usisumbuke kuteremka. Mtoto huyo ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu. Nilikuwapo siku aliponyolewa, na mbuzi wake nilimla kwa mkono huu.

Hadjira alifumba macho. Aliona dawati, aliona Zalia akiwa na ubao wake wa kuandikia, aliona mtu anauchukua.

Katekista aliteremka hata hivyo. Alitoa kijitabu mfukoni, akashukuru.

— Mzee, sista alinionya. Alisema, usiwaulize watu dini ya mtoto. Anayempenda mama atasema hivi, anayemchukia atasema vile. Nenda na swali moja tu ambalo jirani hawezi kulikosa. Kwenu, mtoto wa Kiislamu akitimiza miaka mitano hupelekwa kwa fundi kusoma Kurani. Sivyo?

— Ndivyo, alisema Kadhi. Lazima. Wa kike na wa kiume.

— Vizuri. Basi Zalia anasoma kwa fundi gani? Nitapita kwake sasa hivi, nimwulize, nimalize kazi. Kama hana fundi, basi ni wetu, sista atamwandika.

Kadhi alifungua mdomo. Mahabibo yao ilikuwa na chuo kimoja cha Kurani, baraza ya fundi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kimbunga cha mwaka juzi kiliondoka na nusu ya paa. Kamati iliyokutana kuhusu nusu iliyobaki ilikuwa na wajumbe watatu, na wote watatu walikuwa juu ya ubao ule. Waliamua wavulana wakae kivulini, wasichana wangoje ukarabati. Ukarabati haukuwahi kutajwa tena.

Komandani alimtazama Chokaa. Chokaa alizitazama kucha zake.

— Huyo wa nyumba ya tatu? alisaidia katekista.

— Huyo ana wavulana, alisema Komandani.

— Na wasichana wana fundi mwingine?

Jibu lilikuwapo, na lilikuwa limeshika dele. Kila jioni, mchele ukitokota, Zalia alikaa juu ya kinu kilicholazwa akamsomea mama yake juzuu ya mwisho, na alikuwa amefika mbali kuliko wavulana wengi wa barazani. Hakuna hata mmoja ubaoni aliyelijua hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Hadjira alitaka kulisema kuliko alivyotaka kitu chochote mchana ule; alitaka kulirusha usoni mwa Kadhi. Likitoka tu, Zalia hana shule. Akalimeza.

— Mzee, alisema katekista kwa adabu, akimgeukia Kadhi, kalamu ikingoja. Jina la fundi tu.

Kadhi akarudi kukaa.