Historia ya Mama Turbo na Pikipiki Yake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, niliyebebwa mgongoni kwake na kufinywa kila nilipolia, nitamsoma kama nilivyomjua, na atakayeona nimekosea anivumilie mpaka tumalize.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Turbo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yetu akiwa dereva wa lori na mama akiuza duka la vyombo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972, akamaliza sekondari mwaka 1982, akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya mitambo, akahitimu Novemba 1985, na siku ya mahafali alipanda jukwaani kucha zikiwa na grisi, jambo ambalo mama alililalamikia mpaka anaingia kaburini.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akiwa fundi wa mitambo ya kuchapa, na hapo ndipo alipotumikia hadi kustaafu mwezi Machi 2024. Wenzake mliopo hapa mtakubali kwamba alikuwa mtu wa maneno machache, tena makali, asiyependa kuona mtambo ukipigwa ngumi, na mwenye sharti lake moja, kwamba fundi hubadilisha kitu kimoja, anajaribu, ndipo anagusa kingine, maana ukigusa vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, fundi cherehani, mtu mpole asiye na haraka na dunia, ambaye walijuana dada alipompelekea ovaroli apunguze mikono, kisha akairudisha mara tatu, na mpaka leo hatujui kama kweli ilikuwa ndefu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1996, ambaye ni fundi umeme.

Mzee mmoja wa familia alinishauri niiruke pikipiki, nami nimemheshimu kwa kuisogeza hadi hapa tu. Dada aliinunua mwaka 1998, ikiwa imetupwa nyuma ya gereji, kuku wanataga juu ya injini, nayo ilikuwa ya mwaka 1983, enzi zile watengenezaji walipojaribu kutia turbo kwenye pikipiki kisha wakaliacha wazo hilo, kwa hiyo spea zake hazikupatikana hata kwa dawa. Kwa sisi tusio mafundi, turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo hushindilia hewa ndani ili nguvu iongezeke, ila ile ya kwake ilikuwa na tabia ya kuchelewa, unavuta mafuta haijibu, unakaribia kusahau kama uliomba kitu, ndipo inakurusha mbele, na dada alisema hilo halimsumbui kwa sababu ameolewa na mwanamume wa aina hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi aliiboresha kidogo kidogo, akachonga mabomba mapya ya oili, akatengeneza kipoza hewa kutokana na rejeta ndogo ya gari, akabadilisha breki za mbele, na ule uchelewaji ukapungua hata shemeji akakubali kujifunza kuiendesha. Wageni wake mnakumbuka mlivyosimamishwa getini, salamu zikisubiri, yeye akiwa bado amekaa juu ya kiti na injini inanguruma polepole, kwa sababu turbo ikizimwa ghafla ikiwa ya moto, oili husimama na kuungulia ndani ya beringi.

Tarehe 17 Juni 2024, miezi mitatu tu baada ya kustaafu, alizidiwa akiwa nyumbani, na shemeji, mtu asiye na haraka, kwa mara ya kwanza akawa na haraka, akampakia kwenye pikipiki, akafika hospitali kwa mwendo ambao hataki kuulizwa, akazima injini papo hapo na kumbeba hadi ndani. Madaktari walikuta figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu, na pikipiki nayo beringi za turbo zilikuwa zimeungua, ikarudishwa nyumbani kwa kusukumwa.

Dada hakumlaumu, ila alitaka aisikie tena ikiwa safi kabla hajaondoka, na kijana wake alipojitolea kuitengeneza alimkatalia, akisema aliyeizima ndiye ataiwasha. Hivyo shemeji, ambaye mikono yake imezoea sindano, alishika spana, dada akimwelekeza kutoka kwenye kiti cha plastiki, huku nguvu zake zikipungua, na sisi wote tukiona kwamba kazi ile inashindana na ugonjwa.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025 pikipiki iliwaka, majirani wakapiga makofi, tukambusu dada, lakini moshi wa bluu ukajaa uwanja mzima, naye akatikisa kichwa, akasema sili, ile pete inayozuia oili isivuje na kuungua, imewekwa kinyume, ifunguliwe upya. Nilimwambia inatosha, imewaka, akaniuliza kama mimi ningevaa shati lililoshonwa mgongo mbele.

Alilazwa tarehe 9, na kila tulipoingia wodini aliuliza kama bado inatoa moshi. Binti yake alipendekeza aambiwe imepona, ili apate raha, lakini shemeji alikataa, akasema hajawahi kumdanganya mke wake na hawezi kuanzia hapo, akawa anajibu kila mara kwamba bado, mke wangu, bado kidogo, kisha anarudi nyumbani kuifungua. Dada alifariki Jumapili tarehe 12 Oktoba, saa tatu asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, na injini bado iko wazi uani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hata alipowaelekeza namna ya kukaza mashine zao, majirani waliovumilia makelele na sasa wametupikia tangu Jumapili, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliobeba gharama za jeneza bila kuombwa.

Jana alasiri shemeji alikaza boliti ya mwisho, akaiwasha, akaiacha ingurume, akazunguka nyuma na kuinama kwenye ekzosi kwa muda mrefu, kisha akaizima taratibu kama alivyofundishwa, akakaa chini na kuuliza sasa amwambie nani.

Kwa niaba yake namwambia mwenyewe. Dada, haitoi moshi. Pumzika kwa amani.