Hezron Kipruto arap Mosonik na Vyombo Vilivyokataa Kugawanywa

Wachungaji, wazee, ndugu zetu wa Boito na Siongiroi, na jamaa zetu mliotoka upande wa ziwa, hamjambo. Mimi ni Barnaba arap Sigei, ndugu ya mama yake marehemu. Familia ilimtafuta kwanza mtu aliyesoma kunizidi. Akaandika ukurasa mzima mzuri sana, bila kutaja gitaa hata mara moja. Basi wakanirudia.

Marehemu Hezron Kipruto arap Mosonik alizaliwa tarehe 6 Mei 1971 huko Siongiroi. Nyumbani kwao ni hapa Boito, lakini mama yake, dada yangu marehemu Tabitha Chepkosgei, alikuwa amekuja kututembelea, na mtoto hakungoja arudi. Ndiyo maana akaitwa Kipruto, mtoto wa safarini. Watu wa Boito mmejivunia kijana huyu miaka mingi na sisi hatukuwakataza. Hata hivyo ijulikane leo kwamba kilio chake cha kwanza alikitoa kwetu, na nilikisikia kwa masikio yangu, na kilikuwa na sauti ya kupanda na kushuka. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee arap Mosonik, akafuatwa na Kipkurui na Janeffer.

Alianza masomo mwaka wa 1978 katika shule ya msingi hapa Boito, na mwaka wa 1985 akawa katika lile kundi la kwanza la darasa la nane. Mfumo ule mpya ulitaka kila mtoto atengeneze kitu kwa mikono yake. Wenzake wakaleta miiko na vikapu. Wakati huo dada yangu alikuwa akitafuta bakuli lake kubwa la bati. Alilaumu jirani, akalaumu mbwa. Siku ya wazazi akamwona Kipruto amesimama mbele na chepkong'o, chombo chetu cha kale cha nyuzi, na tumbo la chombo chenyewe lilikuwa bakuli, limevikwa ngozi ya mbuzi.

"Bakuli langu!" akapiga kelele.

"Mama, keti," mwalimu akamwambia, "linaimba."

Alama alipata shuleni, fimbo akapata nyumbani. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1989. Matokeo yake ya hesabu tutayapitia siku nyingine.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa katika karakana ya shamba moja la chai upande wa Kericho, kazi yake kutengeneza mota. Mota hizo zilimfundisha jambo ambalo hakuliacha mpaka mwisho: kitu kikiharibika hakitupwi, kinakatwa kipande cha kuponya kingine. Katika laini za nyumba za wafanyakazi jirani yake alikuwa Mzee Opondo, fundi wa boila, ambaye jioni alipiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha kwao ziwani. Hezron alienda kusikiliza, kisha akaenda kujifunza, kisha tukagundua kuwa alienda pia kumwangalia binti wa mzee, Syprose. Kufikia mwaka wa 1994 alipiga chepkong'o, nyatiti, gitaa, besi, kinanda na ngoma. Mimi nilimfundisha kupiga mluzi, na nasema hivyo bila majivuno.

Mwaka wa 1995 aliacha kazi akajenga studio yake nyuma ya nyumba ya baba yake. Kilikuwa chumba kimoja, kuta zimebandikwa magunia na trei za mayai, na ndani mashine ya kaseti iliyoweza kupanga sauti moja juu ya nyingine. Alipiga ngoma peke yake akairekodi. Akaisikiliza masikioni huku akiweka besi juu yake, kisha gitaa, kisha kinanda, mwisho sauti yake. Kwenye jalada la kanda yake ya kwanza aliandika wanamuziki watano: Hezron kwenye gitaa, Kipruto kwenye besi, Mosonik kwenye ngoma, Mwana wa Tabitha kwenye kinanda, na mwimbaji akamwita Boito Boy. Harambee moja ya Chepseon iliialika bendi hiyo. Wakapanga viti vitano, wakapakua sahani tano. Akashuka peke yake na gitaa.

"Wenzako wako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Tumekuja wote," akajibu.

Alipiga, wakacheza, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemsindikiza, chakula cha wale wanne hakikuharibika.

Sasa ndoa. Ninyi wenyeji mnajua mvua yetu ya alasiri na mabati. Mvua hiyo ilikuwa ikimharibia kila wimbo, akapanda juu ya studio akaezeka nyasi juu ya mabati mazima. Boito yote ilicheka. Watu wanatoka kwenye nyasi wanaenda kwenye mabati, huyu anarudi! Mwaka wa 1996 Mzee Opondo na ndugu zake walikuja kuona nyumbani kwa kijana. Wakasimama uani wakatazama paa hilo kwa muda mrefu.

"Omera, ndugu yangu," mzee akaniambia, "binti yangu nimemlea chini ya bati."

"Bati liko, mzee wangu. Limevaa koti."

Hakucheka. Tukaingia nyumba kubwa, mazungumzo yakaanza vibaya. Kisha mvua ikashuka na mawe yake, tukawa tunafunguliana midomo kama samaki bila kusikia hata ng'ombe wangapi wametajwa. Mimi ndiye niliyetoa shauri kwamba tuhamie studio. Ndani kulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mzee Opondo akainua macho, akayatazama yale magunia, akasikiliza mvua ambayo haikusikika. Akasema polepole, "Mtu anayeweza kunyamazisha mvua ya hapa, ataweza pia kumsikiliza mke." Tukamaliza kabla ya chai kupoa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 21 Desemba 1996. Mungu akawajalia watoto wawili, Joan Chepkosgei na Kennedy Opondo. Kwa miaka hiyo yote Syprose ndiye aliyekuwa akibonyeza mashine, maana mume wake mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Tarehe 9 Machi 2024 marehemu alianguka mlangoni pa studio. Ilikuwa presha, ikaleta kiharusi. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri, tunawashukuru, lakini mkono wa kushoto haukurudi, na huo ndio unaoshika nyuzi. Wageni wakaanza kuja. Walikuja kumwona mgonjwa, macho yao yakaona vyombo. Nitawataja kwa kuwa wameniruhusu, na hata wasingeniruhusu mimi ni mtu mzima. Kipkurui alitaka spika, akodishe kwenye harusi. Janeffer alitaka kinanda cha kwaya yake. Shemeji yetu Phelix alitaka nyatiti, kwa kuwa Mzee Opondo alipofariki alimwachia Hezron, na Phelix ndiye mwana. Kila mmoja alikuwa na haki yake kidogo, na hilo ndilo lililoumiza. Presha ya mgonjwa ikapanda kila walipopiga hodi. Siku moja akanishika kwa ule mkono mzima.

"Mjomba, kifo sikiogopi sana. Naogopa pikapu. Wakivitawanya hivi, nimekwisha kweli."

Kwetu neno la mjomba huogopwa. Mjomba akinuna, ng'ombe wa mpwa hupunguza maziwa. Mimi sinuni ovyo, ila nilitangaza kwamba naweza. Jumamosi tarehe 18 Januari mwaka huu niliwaita wote hapa, mgonjwa tukamweka kwenye kiti, nikasema, "Kila mtu ashike anachotaka akipeleke uani, akipige tusikie. Kikilia, ni chako."

Kipkurui akang'oa spika mbio mbio. Zikabaki bubu, kwani mashine ya kuzitia nguvu Hezron aliifungia zamani ndani ya sanduku la miksa, lile la kuchanganya sauti. Janeffer akabonyeza kinanda, kimya. Spika yake ya ndani ilitolewa mwaka wa 2011 kuponya kitu kingine, na hata umeme wake ulipita kwenye waya mmoja na miksa. Akabonyeza kwa kidole, kwa ngumi, kwa maombi.

"Hezron, umefanya nini na hiki kinanda?" akalia.

"Nimekioza," marehemu akajibu kwa nusu ya mdomo wake. "Kina mume na watoto humo ndani." Akacheka mpaka akakohoa. Tangu aanguke hatukuwa tumesikia kicheko hicho.

Akabaki Phelix. Nyatiti haihitaji waya. Aliipiga kwa kidogo alichofundishwa na baba yake, na ikalia vizuri, na mimi nikafunga macho kwa kuwa sheria niliyoitunga ilikuwa imempa. Hezron naye alikuwa ameacha kucheka. Phelix akaacha kupiga, akaitazama, akasema, "Hii inaweza kuondoka. Lakini kule kwangu itaitikiwa na nani?" Akainuka, akairudisha kwenye msumari wake ndani.

Kipkurui akaanza kurudisha spika. Janeffer akasema basi kwaya ndiyo itakuja hapa, miguu wanayo. Tukakubaliana mbele ya mwenyewe: vyombo havitoki, ufunguo ni wa Syprose, na mlango ni wa kila mpigaji. Syprose anasema usiku huo mumewe alilala mpaka ng'ombe wakalia kutaka kukamuliwa, na presha ikashuka ikakaa chini. Miezi iliyofuata alikuwa akikaa kwenye kiti akisikiliza kwaya ikikosea, akiwapigia ngoma kwa mkono wa kulia. Alifariki kitandani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, bila kuhangaika. Tumelia, na tutalia tena leo. Lakini nisiwafiche, tumepumua pia, kwa sababu yeye alipumua kwanza.

Marehemu amemwacha mke, Syprose; watoto, Joan na Kennedy; mjukuu mmoja anayepiga kila sufuria; ndugu, Kipkurui na Janeffer; shemeji, Phelix; na mjomba mmoja, ambaye mmemsikia.

Familia inatangaza kwamba Jumatano saa nane kwaya itafanya mazoezi studioni kama kawaida. Anayetaka kupiga, aje. Anayetaka kubeba, abaki kwao.

Mungu ampumzishe Kipruto wetu kwa amani, maana wasiwasi aliumaliza akiwa hai.