Waridi Si Langu

Sikilizeni, wanangu, na wewe Betta ondoka hapo dirishani, mpiga chapa akija na mashua yake atagonga mwenyewe. Sogeeni, sauti yangu haifiki mbali tena. Kitanda hiki ni cha Betta, mto wangu wa kufumia lesi na sindano zote ni za Menega, wala msije mkagombania vitu kabla sijapoa. Lakini ile ngozi yenye mchoro wa waridi, ambalo Venezia nzima wanaliita kwa jina langu, Waridi la Lugrezia, hiyo siwarithishi, kwa sababu si yangu.

Usinikate kauli, Betta! Mficha maradhi kifo humwumbua, nami kimeshanifika magotini.

Mnajua mdogo wangu yuko kwa watawa, ila hamjui kwa nini hukataa kuniona kila nikienda. Baba alikuwa na mahari ya kumlipa mume wa binti mmoja tu. Nikaolewa mimi, Faustina akafungiwa kule huku analia. Siku ya kuondoka alinipa ngozi hii, kaichora mwenyewe, kila tundu la kuongozea uzi kalitoboa kwa mkono wake, akaniambia, "Dada, mimi wananifuta, lakini atakayefuma waridi hili atanitaja." Nikafuma, nikasifiwa, nikaulizwa ni la nani. Nikasema langu. Ee Mungu, neno moja tu! Miaka thelathini nimekula kwa neno hilo.

Leo mpiga chapa anakuja kulitia waridi kwenye kitabu chake cha michoro ya lesi, kwa jina langu. Najua unachoogopa, Betta: wakwe zako wamelichumbia jina hilo. Basi wakikuacha kwa ajili ya ukweli, heri wakuache mapema. Mwenye kovu usidhani kapoa. Faustina yu hai, na kitabu kitamfikia.

Menega, chukua ngozi, isogeze kwenye makaa, taratibu, usiiunguze. Chini ya ua kuna vitundu visivyopitishwa uzi. Niliviziba kwa nta kwa mkono wangu huu. Iache itiririke... Sasa inua kwenye mwanga. Soma, mama, kwa sauti, dada yako asikie.

Ndiyo. Faustina. Aliliandika jina lake kwa vitundu tangu siku ile.

Huyo anagonga. Nenda wewe, Betta, si Menega. Mwambie jina ni hilo, langu asilitie hata pembeni. Mnizike bila lesi... shuka tupu yanitosha. Mungu awape... awape mikono isiyoiba, na mpendane.

Betta, mbona umeuegemea mlango? Baraka yangu unayo, hata ukinichukia. Mfungulie.