Nani Atakamua Monicah Akienda Gede

Hii benchi ni yangu. Niliiweka mbele ya duka yangu ya chakula ya mifugo, hapa Gakindu, ati wateja wapumzike. Imekaliwa na nani? Kingori, Afande Harrison aliyestaafu polisi, na Moffat tunayemwita Profesa. Wanamaliza kahawa ya thermos yangu na hawanunui hata chumvi ya ng'ombe. Leo ilikuwa kelele moja tu: kesho Monicah, bibi ya Kingori, anaenda Pwani na akina mama wa kanisa.

— Siku tano! Kingori akapiga goti. Ati kuona magofu ya Gede. Mawe! Kwani hapa tumekosa mawe?

— Huo ulikuwa mji, Profesa akasema. Misikiti, jumba ya mfalme, hata choo ndani ya nyumba, miaka mia sita iliyopita.

— Na ya Kingori mpaka leo haina mlango, Afande akasema.

— Afande, wachana na choo yangu! Shida ni ng'ombe. Ikishikwa na mtu mwingine inabana maziwa na kupiga teke. Inataka Monicah pekee. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kukamua ni mila ya Monicah!

— Na mikono yako ni ya nini? nikamuuliza.

— Mburu, unajua mimi mgongo inanisumbua.

— Kwa benchi yangu haisumbui?

Akawageukia wenzake, wakaanza kubishana kwa nini watu wa Gede walihama.

— Maji iliisha visimani, Afande akasema. Niliambiwa nikifanya kazi Malindi.

— Wapi! Ni tumbili, Profesa akasema. Walimaliza mahindi yote. Mpaka leo wamejaa huko. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na bahari ndio ukingo.

— Hamjui kitu! Kingori akasimama. Mabibi wa Gede walienda Mombasa siku tano kuona Fort Jesus. Ng'ombe zikakauka, wazee wakalala njaa, wakahama. Mji uliisha hivyo!

Ngai! Nikageuka, kumbe Monicah amesimama nyuma yetu na gunia. Amesikia yote.

— Baba Mutahi, akamwambia bwana yake polepole. Ng'ombe yetu inaitwa nani?

Kingori akaangalia Profesa. Profesa akaangalia ndani ya kikombe. Afande akakohoa.

— Si... ng'ombe ni ng'ombe.

— Miaka saba naiita jina kila asubuhi, chini ya dirisha yako. Bila jina haitoi maziwa. Kesho nitaikamua saa kumi na moja asubuhi, kabla gari ifike. Kuja usikie. Usipokuja, mimi naenda.

Nikamjazia gunia, akabeba, akaenda. Kingori akanishika mkono.

— Mburu, wewe ndiye unaiuzia chakula. Inaitwa nani?

Jina naijua. Monicah huitaja kila akinunua, hata watoto wa hapa sokoni wanaijua. Nikachukua thermos yangu, nikamwambia kesho aamke saa kumi na moja, aisikie mwenyewe.